Basenji: mbwa wa Kongo na gharama ya kuchuja damu

Ukisikia jina Basenji, sikio la Kiswahili linashtuka kidogo, na lina haki. Jina limetoka Kongo, kwenye Kilingala, na ni ndugu wa karibu wa neno letu "washenzi": mbwa wa watu wa porini, wa vijijini huko. Kwa hiyo mbwa huyu anayeuzwa Ulaya na Marekani kwa pesa nyingi, tena akiwa na cheti cha ukoo kirefu kuliko ukoo unaoweza kuutaja wewe, jina lake ni lile lile tunalomtupia mbwa anayepekua jalala. Lishike hilo, litakuwa na kazi huko mbele.

Kwao ni mbwa wa kuwindia. Masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo, na habweki kama mbwa wengine, hutoa sauti fulani ya kuvutavuta kama mtu anayejifunza kuimba. Ndiyo maana wawindaji humfunga njuga shingoni, wajue yuko wapi kwenye nyasi. Jike lake kwa kawaida huingia joto mara moja tu kwa mwaka, wakati majike ya mbwa wengi huingia mara mbili.

Waingereza waliwaonyesha mbwa hawa kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1895, lakini wakafa muda mfupi baadaye kwa distempa. Ni miaka ya 1930 ndipo mama mmoja, Olive Burn, aliporudi nao kutoka Kongo na uzalishaji ukashika. Waliongezwa wengine wachache, kisha kitabu cha nasaba kikafungwa. Kufungwa maana yake ni hivi: kuanzia hapo anayeandikishwa ni yule tu ambaye baba na mama yake tayari wamo kitabuni. Damu mpya, basi tena.

Hebu tufanye hesabu ndogo, maana hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Una mbwa 100 wa kuzalisha: majike 95 na madume 5, kwa sababu kila mtu anamtaka dume aliyeshinda maonyesho. Wanajenetiki wana kanuni: zidisha 4 kwa idadi ya madume kwa idadi ya majike, ugawanye kwa jumla yao. Yaani 4 × 5 × 95 ÷ 100. Jibu ni 19. Kwa macho una mbwa 100, lakini kwa upande wa kupotea kwa jeni, kundi lako linaenda kama la mbwa 19. Vizazi vichache tu, na karibu kila unayempandisha ni binamu wa mwenzake.

Na binamu hubeba siri zinazofanana. Kila mbwa ana jozi 39 za kromosomu, nakala moja ya kila jeni kutoka kwa baba na nyingine kwa mama. Magonjwa mengi ya kurithi yanahitaji nakala mbili mbovu ili yajitokeze. Mwenye nakala moja tu ni mbebaji: anakula, anakimbia, anashinda vikombe, hana dalili yoyote. Wabebaji wawili wakikutana, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuumwa.

Ugonjwa wa kwanza kuwatesa Basenji ulikuwa wa damu. Kimeng'enya kiitwacho pairuveti kinasi kikikosekana, chembe nyekundu za damu hufa mapema kuliko kawaida. Mbwa anachoka, ufizi unapauka, na kwa kawaida anakufa akiwa bado kijana. Miaka ya 1970 kikapatikana kipimo cha damu cha kuwatambua hata wabebaji. Wafugaji wakafanya kile ambacho mimi na wewe tungekiona ni busara: mbebaji yeyote, nje! Asizalishwe tena.

Tatizo ni kwamba mbwa si jeni moja. Ukimtoa mbebaji unatoa pamoja naye kila kitu kingine alichobeba kwenye hizo jozi 39, kikiwemo kizuri ambacho hujakipima. Kundi lililokuwa dogo likawa dogo zaidi. Na katika damu iliyobaki kulikuwa na kitu kingine ambacho hakuna kipimo kilichokiona.

Katikati ya miaka hiyo hiyo madaktari wa mifugo wakaanza kuandika kuhusu ugonjwa wa Fanconi kwa Basenji. Figo za mbwa huyu zinachuja damu, sawa, lakini zinashindwa kurudisha mwilini vitu vya maana: sukari, asidi za amino, fosfati, bikaboneti. Vyote vinaishia kwenye mkojo. Mbwa anakunywa maji kama ametoka jangwani, anakojoa ovyo, anakonda huku anakula. Ubaya wake mkubwa ni saa unayokuja: mara nyingi baada ya miaka minne. Kufikia hapo dume maarufu ameshazaa na majike mangapi? Na watoto wake nao wameshazaa. Mfugaji mwaminifu kabisa, asiyeficha chochote, alikuwa anasambaza ugonjwa bila kujua.

Sasa rudi kwenye lile jina. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walifunga safari hadi Zaire, kama ilivyoitwa wakati huo, wakatembea vijijini kutafuta mbwa wa wawindaji. Walirudi na kikundi kidogo, wakiwemo wenye michirizi kama ya chui milia. Mwaka 1990 shirika la American Kennel Club likakubali kukifungua kitabu cha nasaba na kuwaingiza. Fikiria hilo: mbari ya mbwa wenye vyeti ilikwenda kuomba damu kwa mbwa wa kijijini wasio na cheti hata kimoja. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika historia ya mbwa hawa, kuliko hata vipimo.

Vipimo navyo vilikuja. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri walitoa kipimo cha DNA kilichokisia hali ya mbwa kwa alama zilizo jirani na jeni yenyewe, na mwaka 2011 kikafuata cha moja kwa moja: kipande cha jeni iitwayo FAN1 kimekatika. Safari hii ushauri ulikuwa tofauti na ule wa miaka ya 1970. Mbebaji mzuri hafukuzwi. Anapandishwa na asiye na nakala mbovu. Watoto wao, kwa wastani, nusu watakuwa wabebaji na nusu huru, na hakuna hata mmoja atakayeugua Fanconi ya aina hii. Kizazi kinachofuata unachagua taratibu miongoni mwa walio huru, bila kutupa jeni nyingine zote. Kinachokatazwa ni kumpandisha mbebaji na mbebaji mwenzake.

Kama siku moja utamnunua Basenji, usiridhike na cheti cha ukoo wala na "wazazi wake wazima kabisa, njoo uwaone." Uzima wa kuona kwa macho ndio ule ule uliowadanganya watu. Omba majibu ya FAN1 ya baba na mama, na uulize wazazi hao wana undugu gani. Na kama tayari unaye, hajapimwa, na umri wake umefika miaka mitatu, nunua duka la dawa zile karatasi za kupima sukari kwenye mkojo wanazotumia wagonjwa wa kisukari. Chovya moja kila mwezi. Ikionyesha sukari, mwone daktari wa mifugo wiki hiyo hiyo, na umwambie apime sukari ya damu pia: ikiwa damu iko kawaida na mkojo una sukari, mtajie Fanconi kabla hajaanza kutibu kisukari. Ugonjwa ukigundulika mapema, bikaboneti anayoipoteza hurudishwa kwa vidonge, na mbwa wengi huishi miaka mingi nao.