Antena ya Nyumbani kwa Ajili ya Wagonjwa Wetu

Katika vijiji vingi vya Tarime na Serengeti mgonjwa husikiliza Misa redioni huku sauti ikikatika. Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga: kilima kikiyakinga, hudhoofika. Antena ya waya yaweza kusaidia.

Gawanya 143 kwa masafa ya stesheni. Kwa megahezi 100 utapata mita 1.43, basi kata vipande viwili vya waya wa shaba, kila kimoja sentimita 71. Vifunge juu ya ufito mkavu katika mstari mmoja, ncha zisigusane katikati. Hapo unganisha waya wa antena ya televisheni: kiini kipande kimoja, wavu wa nje kipande cha pili. Mwisho wake, funga kiini kwenye antena ya redio.

Inua ufito, ugeuze, uujaribu hata wima, mpaka sauti itulie. Uwe mbali na nyaya za umeme. Kabla ya radi, ondoa waya redioni.

Lakini redio haileti Komunyo Takatifu. Mjulisheni katekista, ili mgonjwa aletewe Bwana nyumbani.