Rwesero: nyumba ambayo mwami hakulala mule

Pale Nyanza, kusini mwa Rwanda, Mwami Mutara III Rudahigwa alijengewa nyumba mupya juu ya kilima cha Rwesero. Hakuingia. Tarehe 25 Julai 1959 alikufa ghafula Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, kisha kupigwa sindano. Mpaka sasa watu wanabishania kifo kile. Baba yake, Musinga, Wabeleji walimuondoa kwenye kiti, akafia huku kwetu Moba, mwaka wa 1944.

Mwaka wa 2006 Rwesero ikafunguliwa kuwa makumbusho ya sanaa: michoro na sanamu za wasanii wa siku hizi. Halafu mwaka wa 2018 sanaa zikahamishwa tena, Kanombe, Kigali, katika nyumba ya zamani ya Rais Habyarimana. Kwenye uwanja wake ndipo vipande vya ndege yake vilianguka, tarehe 6 Aprili 1994.