Nge akiuma mchimbaji, sumu ngapi iko ndani ya damu?

Siye wachimbaji wa Masisi na Walikale tunajua nge. Anajificha chini ya mawe na mbao, usiku anaingia ndani ya bote. Mutu akiumwa, tunamuuliza: inauma sana ao kidogo? Lakini maumivu haipimi sumu. Mmoja analia usiku muzima na kesho anarudi ku shimo. Mwingine ananyamaza, kumbe anatoka jasho, anatapika, pumzi inakatika. Huyo njo wa kukimbiza hopitali.

Huko Tunisia, kwenye nge wanaua watu, watafiti wa Institut Pasteur ya Tunis walitangaza mwaka 1998 namna ya kupima sumu yenyewe. Wanachukua damu ya mgonjwa, wanaiweka mu kisahani chenye kupakwa antikorpi zenye kunasa sumu. Rangi ikizidi, sumu ni nyingi. Inahesabiwa kwa nanogramu, ni kusema gramu moja igawanywe mara miliare moja. Waliona kama wenye hali mbaya walikuwa na sumu nyingi ndani ya damu kuliko wenye maumivu tu.

Kwetu kipimo kama hicho ni mbali. Kinaomba laboratware, umeme, na antikorpi za nge wa hapa, si wa jangwani.

Lakini kwa nyoka, wenye kutuua zaidi kuliko nge, kuko kipimo cha maskini. Enfirmie anatia mililita 2 za damu mu chupa ndogo ya kiyoo, safi na kavu. Plastiki hapana. Anaiacha dakika 20 bila kuitikisa, kisha anaiinamisha. Damu ikingali maji, sumu ya nyoka kama kipiri imekwisha kuharibu damu. Ikiganda, asimrudishe mgonjwa nyumbani mbio: anapima tena, juu sumu inaweza kuchelewa, na ya swila haionekane kwa njia hii.

Kisha kupima, dawa iko wapi? Fav-Afrique ya Sanofi, iliyopigana na sumu ya nyoka 10 za Afrika, chupa za mwisho ziliisha muda mwezi wa 6 mwaka 2016. OMS inataka vifo vipungue nusu mbele ya 2030.

Kwa hiyo ndani ya sendika tunaomba kila poste ya afya karibu na machimbo iwe na chupa za kiyoo, saa, kaye ya kuandika saa ya kuumwa, na moto ya kubeba mgonjwa. Tuache wembe, kamba na jiwe jeusi: havitoe sumu. Koltani yetu inapimwa mbele ya kuuzwa. Damu yetu nayo ipimwe.