Thorold Dickinson

Thorold Barron Dickinson (16 Novemba 1903 – 14 Aprili 1984) alikuwa mwongozaji na mhariri wa filamu kutoka Uingereza. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kazi yake iliyo karibu zaidi ni Men of Two Worlds (1946), filamu ya rangi ambayo kisa chake kinatokea Tanganyika.

Maisha na kazi

Alizaliwa mjini Bristol akasoma Oxford. Katika miaka ya 1930 alihariri filamu za wengine, ikiwemo Sing As We Go (1934), kabla ya kuongoza The High Command (1937).

Gaslight (1940) nusura ipotee kabisa. Kampuni ya MGM ya Marekani ilinunua haki zake ili itengeneze toleo jipya (1944), ikataka filamu ya Dickinson iharibiwe. Ilinusurika.

Men of Two Worlds

Kisenga, mpiga piano aliyeishi London miaka mingi, anarudi kijijini kwao Marashi. Mbung'o wanaeneza malale, na serikali ya kikoloni inataka wanakijiji wahame. Mganga Magole anapinga, na Kisenga anabaki katikati. Sehemu kubwa ilipigwa picha studio huko Denham, Uingereza. Kisenga aliigizwa na Robert Adams wa Guyana, na Magole na Orlando Martins wa Nigeria. Muziki uliotungwa na Arthur Bliss kwa ajili ya filamu hiyo una jina la Kiswahili: Baraza.

Hatari! (1962) ya Mmarekani Howard Hawks, iliyopigwa picha Momella chini ya Mlima Meru, inashughulika zaidi na Wazungu na wanyama. Dickinson alimweka Mtanganyika mbele, ingawa mganga amechorwa kama adui tu na hoja za serikali hazihojiwi sana.

Mtindo

Uhariri ulibaki msingi wa kazi yake, na aliathiriwa na filamu za Kisovieti. Alitumia sauti kwa ustadi: katika The Queen of Spades (1949), mzimu wa bibi kizee hauonekani; husikika mlio wa gauni lake na fimbo yake.

Baada ya kuongoza huduma ya filamu ya Umoja wa Mataifa, alianza kufundisha filamu katika Slade School, London, mwaka 1960. Mwaka 1967 akawa profesa wa kwanza wa filamu nchini Uingereza.