Je, Wajua? Kemia Inayokimbizana na Saa

Mwanafunzi wa radiokemia chuoni husoma kemia ileile ya wenzake, ila dutu aliyonayo mkononi haimngoji: atomi zake zinaoza zenyewe. Muda unaopita hadi nusu ya atomi hizo ziishe huitwa nusumaisha.

Je, wajua kuna dawa isiyoweza kulala ghalani? Florini-18, inayotumika katika kipimo cha PET cha kusaka saratani, ina nusumaisha ya dakika 110. Mkemia huiunganisha na sukari, akaisafisha na kuipima ubora mbiombio. Ikichelewa saa nne, imebaki chini ya robo.

Je, wajua hospitali nazo zina "ng'ombe"? Teknetiamu-99m, ya kupigia picha mifupa na moyo, ina nusumaisha ya saa 6. Kwa hiyo hospitali huletewa molibdeni-99, ya saa 66, ambayo huzaa teknetiamu ndani ya chombo chenye kinga ya risasi. Maji ya chumvi yakipitishwa humo, teknetiamu hutoka nayo na molibdeni hubaki. Wataalamu huita kazi hiyo kukamua, na kesho yake hukamua tena.

Je, wajua king'ora cha moshi huweza kuwa na mionzi? Vingi vya aina ya zamani vina chembe ya ameriki-241. Hapa kinachotakiwa ni uvumilivu: nusumaisha yake ni miaka 432 hivi.

Je, wajua maharage yalifungua njia? Mwaka 1923 George de Hevesy, mzaliwa wa Hungaria, aliitumia risasi yenye mionzi kuona jinsi mmea wa maharage unavyoifyonza na kuisambaza. Mbinu ya kufuatilia atomi ilimpatia Nobeli ya Kemia ya 1943. Leo mbinu hiyo hutumika kufuatilia mbolea shambani na maji ardhini.

Je, wajua Unguja haina mbung'o? Kuanzia 1994, madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege kisiwani. Majike waliopandwa nao hawakuzaa, na kufikia 1997 mbung'o walikuwa wametokomezwa.

Je, wajua jaribio hufanywa kwanza bila mionzi? Mwanafunzi hurudia hatua zote kwa dutu ya kawaida mpaka mikono izoee. Ndipo huvaa beji ya kupimia mionzi na kushika dutu yenyewe, akizingatia mambo matatu: muda mfupi, umbali mkubwa, kinga ya kutosha.