Sikilizeni Gari Kabla Halijalala Porini

Ndugu askari na polisi, mara nyingi Land Rover hulalamika kwanza ndipo iharibike. Twaomba kila dereva ajue malalamiko hayo, kwani roho za wenzake zimo garini.

Anzeni gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru. Kelele ikiisha mkanyagapo klachi, shukuni beringi ya giaboksi. Ikianza mkanyagapo, shukuni beringi ya klachi yenyewe.

Kisha endesheni. Kishindo cha "ko!" wakati wa kuondoka chaonyesha kwamba msalaba wa propela umelegea. Mlio mwembamba unaobadilika mkikanyaga na kuachia mafuta, aghalabu ni difu. Mngurumo unaobadilika mkikata kona ni beringi ya gurudumu.

Msalaba wa nyuma ukivunjika safarini, ifungueni propela hiyo, tieni gia ya magurudumu manne, au fungeni difu ya kati kwa magari yaliyo nayo, mrudi polepole kwa magurudumu ya mbele. Lakini jihadharini: katika Land Rover nyingi breki ya mkono hushika propela ya nyuma. Basi wekeni mawe magurudumuni kabla ya kuingia chini ya gari, na kila msimamapo mlimani.

Mkivuka mto, tazameni oili ya difu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia; ibadilisheni, na misalaba itieni grisi.

Mwisho, mwandikieni fundi: kelele gani, gia gani, mwendo gani. Hiyo ni nusu ya matengenezo.