Stenlesi ya gari iliyochubuka si ya kutupa

MAGARI yanayopakia mizigo katika mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza, hayachelewi kupata makovu. Viroba vya dagaa huburutwa juu ya kizingiti cha mlango, tenga la samaki hugonga bampa, na kitambaa cha kufutia gari hubeba vumbi na mchanga. Haupiti muda mrefu kabla mikanda myeupe inayozunguka vioo, vibao vya mlangoni na bampa havijajaa mikwaruzo na kufifia.

Wenye magari wengi huchagua moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaopaka rangi ya fedha juu ya mikwaruzo, na rangi hiyo hubanduka mapema kwa sababu haishiki vizuri kwenye chuma laini kisichoandaliwa. Wapo wanaong'oa mkanda na kuutupa, kisha wanaanza kuhangaika kutafuta mwingine. Kama gari ni la zamani, shida huwa kubwa zaidi, maana vipuri vya urembo hutoweka madukani kabla ya vipuri vya injini.

Ipo njia ya tatu, nayo ni kuung'arisha mkanda uleule. Kazi hii haihitaji kiwanda. Fundi bodi mwenye jiliwa, misasa na mota moja anaweza kuifanya, na hata mwenye gari anaweza kuifanya nyumbani kwa mkono akiwa na subira. Lakini kuna jambo moja la kujua kabla ya kugusa msasa. Asiyelijua anaweza kuharibu mali ya mteja katika dakika tano.

Mng'aro uko ndani ya chuma

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na madini ya kromu yasiyopungua asilimia 10.5. Anayetajwa sana katika historia yake ni Harry Brearley, aliyekitengeneza mwaka 1913 katika mji wa Sheffield, Uingereza. Kromu iliyomo ikikutana na hewa hutengeneza utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa, hujijenga upya wenyewe, mradi chuma ni kisafi na hewa inakifikia.

Maana yake kwa fundi ni kwamba stenlesi ni ileile juu, katikati na chini. Ukiisugua unaondoa tabaka lenye mikwaruzo, na chini yake unakuta chuma kilekile kinachoweza kung'aa.

Bampa lililopakwa kromu ni kitu kingine kabisa. Hilo ni chuma cha kawaida kilichofunikwa na nikeli, kisha juu yake ikawekwa ngozi ya kromu ambayo mara nyingi haifikii hata elfu moja ya milimita. Ukipitisha msasa hapo, ngozi inaondoka, rangi ya manjano ya nikeli inatokeza, na baada ya muda kutu inafuata. Hakuna polishi itakayoirudisha. Dawa yake ni kupakwa upya kiwandani, na gharama hiyo ataibeba fundi.

Itambue kwanza

Mafundi wengi hutegemea sumaku. Sumaku inasaidia, lakini peke yake haitoshi. Isiponata, huenda ni plastiki, aluminiamu au aina ya stenlesi isiyovutwa. Ikinata, huenda ni chuma kilichopakwa kromu, lakini pia huenda ni stenlesi ya aina inayovutwa, ambayo hutumika sana kwenye mikanda ya magari.

Kwa hiyo angalia na dalili nyingine. Ukiona malengelenge, magamba yanayobanduka au kutu inayochomoza kutoka chini, hiyo ni kromu ya kupaka. Geuza mkanda utazame mgongoni: stenlesi huwa chuma kilekile pande zote mbili, wakati cha kupakwa mara nyingi huwa kimefifia au kina kutu kwa nyuma. Aluminiamu ni nyepesi mkononi na hubonyea upesi. Kisha jaribu msasa laini sehemu iliyojificha, eneo lisilozidi ukucha, kabla ya kuendelea.

Kujua gari nako kunasaidia. Bampa za Peugeot 404 na 504, magari yaliyowahi kujulikana sana Afrika Mashariki, zilitengenezwa kwa stenlesi. Mikanda ya Volkswagen ya mgongo wa kobe ni ya aluminiamu. Magari mengi ya siku hizi yana plastiki iliyong'arishwa tu, na hiyo isiguswe kwa msasa.

Hatua za kazi

Kwanza, toa mkanda kwenye gari. Usiuvute kwa nguvu, kwani klipu zitavunjika na mkanda utapinda. Kama hautoki, ziba rangi ya gari na mpira wa kioo kwa utepe wa karatasi, kisha fanya kazi kwa mkono tu bila mashine.

Pili, osha kwa maji ya sabuni. Lami iondolewe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, halafu uoshe tena. Chembe ya mchanga ikibaki, itachora mikwaruzo mipya wakati unaondoa ya zamani.

Tatu, nyoosha mibonyeo. Laza mkanda juu ya kipande cha mti chenye umbo lake, ugonge kutokea nyuma kwa nyundo ndogo, polepole. Pigo moja kubwa linatanua chuma, na kikishatanuka hakirudi kwa urahisi.

Nne, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha usipokwama, anza na msasa wa maji namba 800. Ukikwama, anza na namba 320 au 400. Namba 220 ni ya makovu makubwa tu, kwa sababu yenyewe inaacha mistari mirefu ya kuondoa. Kutoka hapo panda hatua kwa hatua: 400, 600, 800 na 1000. Funga msasa kwenye kipande cha mti au mpira, na ulowanishe kwa maji yenye sabuni kidogo.

Siri iko kwenye mwelekeo. Kama namba 400 umeisugua kwa urefu, namba 600 isugue kwa mshazari. Hapo utaiona mistari ya 400 iliyobaki, nawe usiondoke mpaka iishe yote. Fundi anayeruka namba ili amalize mapema hulipia baadaye, maana mistari hiyo huonekana mkanda ukishang'aa, naye hulazimika kurudi mwanzo.

Tano, peleka kwenye gurudumu la kung'arishia. Hapa mkulima atakuta mazao anayoyajua. Gurudumu la kwanza ni la mkonge, linalopakwa dawa kali ya kukata, nalo hufuta mistari ya msasa. La pili ni la kitambaa cha pamba, linalopakwa dawa laini ambayo kwa stenlesi mara nyingi huwa ya kijani, nalo huleta mng'aro wa kioo. Mkonge uliingizwa Tanga mwaka 1893, na Usukumani hupandwa hata kwenye mipaka ya mashamba. Pamba ni zao kubwa la biashara la Kanda ya Ziwa. Kila dawa iwe na gurudumu lake, na gurudumu lililotumika kwenye chuma cha kawaida lisitumike kwenye stenlesi. Chembe za chuma hicho hung'ang'ania na kutoa madoa ya kutu, kisha mteja akasema amedanganywa.

Usikandamize mahali pamoja. Stenlesi haipitishi joto upesi, hivyo hubadilika rangi kuwa kahawia au bluu, na mkanda mwembamba hupinda. Ukiona unaanza kuunguza mkono, uache upoe.

Si lazima kila kitu king'ae kama kioo. Gari la DeLorean, lililoundwa Ireland ya Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilikuwa na bodi ya stenlesi yenye mistari midogo inayoelekea upande mmoja. Kibao cha mlangoni kinachokanyagwa kila siku kinafaa kumalizwa hivyo, kwa namba 320 au 400 ikivutwa upande mmoja tu, kwa sababu mikwaruzo mipya haionekani sana.

Usalama usipuuzwe

Gurudumu la kung'arishia limeondoa vidole vya watu. Mota ya mezani huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, na grenda ya mkononi hufika hata mara 11,000. Gurudumu kubwa la kitambaa lisifungwe kwenye grenda ya namna hiyo, linaweza kupasuka. Shika mkanda kwenye nusu ya chini ya gurudumu, ncha yake ikielekea chini, ili ukinaswa urushwe mbali nawe. Vaa miwani na kinga ya pua, maana vumbi hilo lina kromu na nikeli. Usivae shati lenye mikono mipana, tai wala glavu za kitambaa.

Piga hesabu kabla ya kupatana

Hapa ndipo mafundi wengi hupoteza. Tuchukue mfano wa kuhesabia tu, kila mtu aweke bei za kwake. Mteja ana mikanda minne. Karatasi nane za msasa kwa Sh1,500 ni Sh12,000. Dawa ya kung'arishia Sh4,000, umeme Sh2,000, na kuchakaa kwa magurudumu Sh3,000. Hiyo ni Sh21,000. Kazi ni ya siku mbili, na fundi anajilipa Sh15,000 kwa siku, yaani Sh30,000. Jumla ni Sh51,000. Aliyekubali Sh40,000 kwa kuogopa kumpoteza mteja amejikata Sh11,000 bila kujua.

Mteja naye alinganishe bei hiyo na ya mkanda mwingine, nauli ya kuufuata, na siku ambazo gari litasimama. Pande zote mbili zikague mkanda pamoja kabla ya kazi, na kila kovu lililopo liandikwe. Kovu lililochimba sana lisiahidiwe kuisha, kwa sababu kulifuata mpaka chini kunaweza kutoboa mkanda. Kwa kijana anayetaka kuanza, VETA na SIDO ni mahali pa kuulizia mafunzo ya ufundi na ushauri wa biashara ndogo.

Kuutunza mng'aro

Adui mkubwa wa stenlesi pale mwaloni ni chumvi. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye kayabo yakikauka juu ya mkanda, chumvi huvunja ule utando na kuchimba vitundu vidogo. Gari lililobeba kayabo lioshwe kwa maji baridi siku hiyohiyo, si Jumapili ijayo. Jiki nayo ina madhara kama hayo, na stiliwaya ya kusugulia sufuria huacha chembe zinazoota kutu.

Ujuzi huu hauishii kwenye gari. Mama lishe mwenye sinki na mfanyabiashara wa samaki mwenye meza ya stenlesi wana tatizo lilelile, na kwao lina uzito zaidi kwa kuwa mikwaruzo huficha uchafu. Tofauti ni kwamba kitu kinachogusa chakula lazima kioshwe mpaka dawa yote ya kung'arishia iishe.

Kwa fundi wa Kirumba, mtaji mkubwa katika kazi hii ni kuweza kumwambia mteja ukweli kabla ya kuanza: hiki ni stenlesi, kitang'aa, hiki ni kromu ya kupaka, msasa wangu hautakigusa. Atakayesema hivyo atakosa kazi moja leo, lakini hatalipa bampa la mtu kesho.